Je, Wajua Kwa Nini Pikapu Yenye Nguvu Zaidi Hulifanya Gitaa Liwe Zito Badala ya Kuwa Kali?

Mpiga gitaa la solo kanisani, hapa Kampala, akilalamika kwamba hasikiki, ushauri wa kwanza atakaopewa na wenzake ni kubadilisha pikapu, kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachonasa mlio wake. Weka yenye nguvu, wanamwambia. Pesa zinatafutwa, hambaka mpya (pikapu yenye koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya uliozungushwa) inaagizwa au inang'olewa kwenye gitaa la mtumba, fundi anailehemu, na Jumapili inafika. Sauti imeongezeka kweli. Lakini noti zimenenepa, zimebanana chini, na kinanda kikiingia tu, solo inamezwa. Inakuwaje kifaa kilichonunuliwa ili kiongeze nguvu kikaondoka na ule ukali uliokuwa ukitafutwa?

Jibu limo kwenye waya wa shaba. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, basi. Uzi wa chuma ukikaa juu ya sumaku, nao hushika usumaku kidogo. Ukiupiga, uga wa sumaku unatikisika pamoja nao, na mtikisiko huo unazalisha umeme mdogo sana ndani ya waya. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, gitaa la umeme likiwa bado halijawaziwa na mtu. Ndiyo maana gitaa lenye nyuzi za nailoni linabaki bubu hata ukilifungia pikapu ya sumaku ya bei gani: nailoni haina habari na sumaku.

Waya wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Katika hambaka za mtindo wa zamani una kipenyo cha milimita 0.063, sawa na unywele, na umezungushwa mara 5,000 hivi kwenye kila koili. Umepakwa rangi nyembamba ya kuzuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine. Ukiukwaruza kwa ukucha unakatika, na pikapu nzima inakufa. Mafundi wanaofungua pikapu kwa bisibisi kubwa ili "kuona tu" ndio wanaoziua.

Ila koili ya namna hiyo haibagui. Inashika uzi wa gitaa, na inashika pia kila kinachotikisa uga wa sumaku jirani: transfoma ya amplifaya, taa, nyaya za ukutani. Umeme wetu Uganda ni wa volti 240, nao hugeuka huku na huku mara 50 kila sekunde. Mara 50 ni hezi 50, karibu kabisa na noti ya G ya chini sana, na mlio wake wa mara mbili, wa hezi 100, unaangukia karibu na G ile unayoipata ukibana uzi mnene kabisa wa gitaa kwenye freti ya tatu. Kwa hiyo ukipiga wimbo wa ufunguo wa F ilhali gitaa lako lina koili moja moja na umekaa jirani na transfoma, una mwenzako asiyealikwa anayeshikilia G mwanzo hadi mwisho.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka kwa Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani. Aliomba hataza mwaka 1955, magitaa yenye pikapu zake yakatoka 1957, na hataza yenyewe ikatolewa 1959. Pikapu za miaka ya mwanzo zilibandikwa kibandiko cha kusema hataza imeombwa, na herufi tatu za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza (Patent Applied For), PAF, zimekuwa jina lake mpaka leo. Lover alilaza koili mbili ubavu kwa ubavu. Moja inaelekeza kwenye nyuzi ncha ya kaskazini ya sumaku, ya pili ncha ya kusini, na nyaya zake zimeunganishwa kinyume. Mvumo wa umeme hauijali sumaku iliyomo; unaingia koili zote mbili kwa namna moja, na kwa sababu zimeunganishwa kinyume, unajifuta. Mtikisiko wa uzi, kwa upande wake, umegeuzwa na sumaku kisha ukageuzwa tena na waya. Kugeuzwa mara mbili ni kurudi ulikokuwa, hivyo sauti za koili mbili zinajumlishwa. Mimi huona huu kuwa mmoja wa ubunifu mzuri zaidi katika historia ya ala za muziki: tatizo limeondolewa bila kugusa kinachotakiwa.

(Kama gitaa lako lina hambaka na bado linakwaruza, kisha mkwaruzo unakoma ukigusa nyuzi, hiyo mara nyingi ni kesi ya gitaa lisilo na kinga ya kutosha ndani ya kuzuia kelele za umeme, si ya pikapu. Na tafadhali, usivunje pini ndefu ya plagi ili kuondoa kelele. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe siku amplifaya itakapoharibika huku midomo yako iko kwenye maikrofoni.)

Sasa tuje kwenye nguvu. Ukitaka pikapu itoe umeme mwingi zaidi, una njia mbili: kuongeza mizunguko ya waya, au kuweka sumaku kali zaidi. Watengenezaji wengi hufanya yote mawili. Na ili mizunguko mingi ienee katika kibumba kilekile, waya unabidi uwe mwembamba zaidi, milimita 0.056 au hata 0.05.

Hapo ndipo gharama inapoingia. Koili kwa asili yake hupinga mabadiliko ya umeme, na kadiri mabadiliko yanavyokwenda haraka ndivyo inavyoyapinga zaidi. Tabia hiyo huitwa induktansi, hupimwa kwa henri, na inapanda haraka mizunguko ikiongezeka. Lori lililosheheni matoke halikati kona kama bodaboda. Koili nene nayo haiwahi mitikisiko ya haraka, na mitikisiko ya haraka ndiyo sauti za juu. Juu ya hapo, kebo inayotoka kwenye gitaa ina tabia ya kuhifadhi chaji kidogo kila mita, na ikiungana na induktansi ya koili inatengeneza kilele: sauti zinapanda hadi masafa fulani, halafu zinaporomoka ghafla.

Tuweke tarakimu. Hambaka ya mtindo wa PAF ina henri 4.5 hivi. Kwa kebo ya kawaida ya mita 5, kilele chake kinaangukia karibu na hezi 3,000. Ile yenye nguvu, ya henri 8.5, kwa kebo hiyohiyo, kilele kinashuka hadi karibu hezi 2,200. Kati ya namba hizo mbili ndipo unapokaa ule mng'ao unaofanya seben ya Kikongo ikate hewa, ile milio ya juu inayomwinua mtu kitini. Pikapu yenye nguvu haikukuongezea sauti yote kwa pamoja. Imeongeza sauti za kati na za chini, na za juu imezipunguza.

Wauzaji hutangaza nguvu kwa kilo-omu: hii ina 8, ile ina 16, kwa hiyo ile ina nguvu maradufu. Si kweli. Omu zinapima ukinzani wa waya, na waya mwembamba una ukinzani mkubwa hata mizunguko isipoongezeka. Waya wa milimita 0.05 una ukinzani unaozidi ule wa 0.063 kwa karibu asilimia 60 kwa kila mita. Hata joto linaingia: pikapu ya kilo-omu 16 katika nyuzi joto 20 itasoma zaidi ya 16.6 katika nyuzi joto 30, kwa hiyo ukipima asubuhi Kabale na saa nane mchana Gulu utadhani ni pikapu mbili. Namba hiyo itumie kujua kama pikapu ni nzima au imekatika. Kwa kulinganisha sauti, tumia sikio.

Zipo pikapu nne kali ambazo wapigaji huzitaja sana. Super Distortion ya DiMarzio ilitoka mwaka 1972, miongoni mwa hambaka za kwanza kuuzwa peke yake ili mtu aitoe ile iliyokuja na gitaa. Ina sumaku ya kauri, jamaa moja na ile sumaku nyeusi ya duara iliyo nyuma ya spika, na ukinzani wa karibu kilo-omu 14. Ni nene na imejaa, ila mpigo wake wa mwanzo unasikika. JB ya Seymour Duncan ina zaidi kidogo ya 16 lakini sumaku yake ni alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Sauti zake za kati-juu zinajitokeza mbele, na kwa solo mimi ningeichagua kabla ya zote. Ona basi jinsi omu zinavyopotosha: JB ina namba kubwa, lakini Super Distortion haiko nyuma yake kwa nguvu. Invader, ya Seymour Duncan vilevile, imebeba sumaku tatu za kauri na skrubu zenye vichwa vikubwa. Imeundwa kwa muziki mzito wa kusagasaga, na nje ya hapo sioni kazi yake.

EMG 81 iko kivyake. Koili zake zina waya kidogo, kwa hiyo hazina uzito ule wa kukataa sauti za juu. Nguvu inaongezwa na amplifaya ndogo iliyofungwa ndani ya pikapu yenyewe, inayokula betri ya volti 9. James Hetfield na Kirk Hammett wa bendi ya Metallica ni miongoni mwa walioitangaza duniani. Usikubali kuambiwa kwamba ni ya muziki mzito wa metali peke yake, kwa sababu nitakayoieleza mbele kidogo. Ukiitumia, chomoa jeki baada ya kupiga, maana betri inaliwa muda wote jeki ikiwa ndani.

Mbona basi watu walizitaka hizi pikapu kali? Kwa sababu ya amplifaya za valvu za miaka ile, zilizokuza sauti kwa mirija ya kioo. Valvu ya kwanza ikisukumwa kwa nguvu hujaa, na kujaa huko ndiko kunakoleta sauti ya kukwaruza ya roki. Pikapu kali ilikuwa njia ya kuisukuma. Lakini Eddie Van Halen, ambaye albamu yake ya kwanza mwaka 1978 iliwashtua wapiga gitaa, alitumia PAF ya kawaida aliyoitoa kwenye Gibson ES-335. Nguvu alizitafuta kwenye amplifaya. Leo pedali ya bei nafuu inakupa mkwaruzo kuliko unaouhitaji.

Turudi kwa mpiga solo wetu, maana makanisani na kumbini mwetu mara nyingi hakuna amplifaya ya gitaa. Kebo inatoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye miksa. Hilo ndilo kosa kubwa, kubwa kuliko pikapu yoyote. Amplifaya ya gitaa huipokea pikapu kwa mlango wenye ukinzani wa omu milioni moja. Mlango wa laini wa miksa nyingi una 10,000 tu. Pikapu ya kilo-omu 16 ikiingia hapo, zaidi ya nusu ya umeme wake unapotelea ndani ya waya wake wenyewe, na sauti zinaanza kufifia kuanzia kama hezi 500. Ya kilo-omu 8 inapoteza karibu asilimia 44, yaani chini ya nusu. Nguvu uliyoinunua inabaki kwenye mlango wa miksa, na ukali unabaki nao.

Hapa ndipo EMG na nyingine za betri zinapostahili sifa: amplifaya iliyo ndani inasimama kati ya koili na miksa, hivyo mlango ule mwembamba hauzinyang'anyi sauti za juu. Lakini huhitaji kununua pikapu ili kupata faida hiyo. Kisanduku cha DI (cha kuunganishia gitaa kwenye miksa) chenye umeme wake, chenye mlango wa omu milioni moja, kinafanya kazi hiyohiyo kwa gitaa lolote, na kikundi kizima kinaweza kukitumia. Miksa nyingine zina kitufe cha gitaa kwenye chaneli ya kwanza, kimeandikwa Hi-Z, yaani ukinzani mkubwa. Tafuta hicho kabla ya yote. Hata pedali ya mwangwi yenye mlango mzuri, ikiwa imewashwa, inasaidia.

Ukishaondoa tatizo la miksa, chukua bisibisi. Kila hambaka ina skrubu mbili za pembeni za kuipandisha na kuishusha. Bana uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu ya darajani, ile iliyo mbali na shingo: anza na milimita 2, na ile ya shingoni ishushe hadi 2.5 au 3. Ukiikaribisha mno, hasa yenye sumaku ya kauri, sumaku inauvuta uzi, noti inakufa mapema na freti za juu zinatoa sauti mbili zinazopigana. Shusha upande wa nyuzi nene robo mzunguko, piga, sikiliza, shusha tena. Sauti ikipungua kidogo na noti zikaanza kutengana, acha hapo, kisha mwambie wa miksa aongeze volumu ya chaneli yako.