Chanzo cha kuaminika, na nguo alizovua Sultani wa Kilwa

"Shikamoo mwalimu. Naomba unitazamie hii kabla sijakata kitambaa."

Aliyeniamkia ni binti wa mtaani kwetu, fundi cherehani mwenye kibanda Kariakoo. Kikundi cha maigizo kilikuwa kimempa kazi ya kushona mavazi ya mchezo wa Kilwa ya zama za kati: sultani, mkewe, khatibu wa msikiti, na fakiri mmoja. Akaninyooshea simu. Picha ilikuwa nzuri kweli. Sultani kakaa kwenye kiti cha dhahabu, joho jekundu limefika chini, na pembeni yake mkewe kajifunga kanga ya maua. Chini yake pameandikwa: Kilwa, 1331.

"Nishone hivi?"

Nikamuuliza nani aliichora, lini, na alijuaje. Tukatafuta pamoja. Hapakuwa na jina la mchoraji, wala kitabu ilikotoka, wala makumbusho. Kanga yenyewe ilianza kuvaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, yaani zaidi ya miaka mia tano baada ya mwaka ule ulioandikwa. Alisikitika, nami nilimwelewa, maana alikuwa ameshaulizia bei ya kitambaa chekundu.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya: ni chanzo kipi cha kuaminika kuhusu zama za kati za pwani yetu? Chanzo cha kuaminika, kwa maneno mepesi, ni shahidi unayeweza kuonyesha alijuaje anachokisema. Shahidi huyo anaweza kuwa hati, jengo, sarafu, kigae, mfupa, au kitabu kilichoandikwa juzi na mtafiti. Uzee wake peke yake hautoshi, wala cheo cha mwandishi, wala wingi wa watu wanaomrudia. Tena haaminiki kwa kila jambo. Anaaminika kwa swali fulani, na ukimuuliza swali jingine anaweza kukosa jibu kabisa.

Waliosoma madrasa wanalijua wazo hili kwa jina la isnadi. Hadithi haipokelewi kwa utamu wake. Kwanza huulizwa: fulani kaipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka kwa aliyesikia kwa masikio yake. Tanbihi zilizo chini ya ukurasa wa kitabu cha historia zinafanya kazi hiyohiyo. Kitabu kisicho nazo kinaweza kuwa kimesema kweli, lakini msomaji hana pa kukishika.

Kuna vyanzo vya msingi, ambavyo vimetoka wakati unaouchunguza, na vyanzo vya upili, ambavyo ni kazi za waliokuja baadaye wakavisoma na kuvichambua. Mgawanyo huu hufundishwa kila mahali, na wengi hutoka darasani wakidhani cha msingi ndicho cha kweli. Kilwa inatufundisha vingine.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi. Anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani, akamwomba nguo zilezile alizokuwa amevaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, zile akamwachia. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani, akaenda zake. Mtoto wa sultani ndiye aliyezirudisha baadaye, akampa fakiri watumwa kumi kuwa badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hicho ndicho kisa ambacho kikundi kile kilitaka kuigiza. Hapa pana shahidi wa macho, mahali penyewe, na kisa kizima kinahusu nguo. Lakini soma mara tatu, hutakuta rangi yake, kitambaa chake, wala mshono wake. Ibn Battuta alikuwa akieleza ukarimu. Ukimuuliza habari za ukarimu wa mfalme, uchamungu wake, na mali iliyopita mikononi mwa watu, atakujibu kwa kirefu, na watumwa wanaohesabiwa kama shehena wamo humo pia. Ukimuuliza habari za ushonaji, ananyamaza.

Kuna mahali pengine amesema, na bado inabidi kusita. Anaisifu Kilwa kuwa ni mji mzuri uliojengwa vyema, kisha anaongeza kwamba umejengwa wote kwa miti na kuezekwa kwa matete. Leo ukienda Kilwa Kisiwani utaona kuta za mawe za Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ilikwisha kusimama kabla yeye hajafika. Utaona pia Husuni Kubwa, jumba la mawe juu ya genge la bahari, ambamo wachimbuzi walikuta kipande cha maandishi chenye jina la sultani yuleyule aliyempokea. Je, alidanganya? Sidhani. Alikaa muda mfupi, na safari zake alizisimulia huko Morocco zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akiziandika na kuzipamba. Tena watu wengi wa mji waliishi kweli katika nyumba za miti na udongo. Kwa hiyo neno lake kuhusu miti halitupwi, ila halibebi mji wote. Na bado yeye ni bora sana kuliko al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 akiwa Sicily na kuandika habari za pwani hii bila kuikanyaga.

Kuhusu neno lenyewe zama za kati, lilitungwa kwa ajili ya historia ya Ulaya, kwa maana ya karne ya 5 hadi ya 15 hivi. Watafiti huliazima kwa pwani yetu kwa sababu humo ndimo miji kama Shanga, Manda na Kilwa ilimochipuka na kushamiri. Mimi hupendelea kutaja karne moja kwa moja. Kunamzuia mtu asivike watu wa Kilwa mavazi ya ngome za Ulaya, kosa ambalo ile picha ya simu nayo ilikaribia kulifanya kwa kile kiti chake.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, maana hapo ndipo utafiti wa pwani ulipo tajiri. Kitu kilichochimbuliwa ni shahidi asiyejua kupamba maneno, lakini ushahidi wake nusu upo kwenye kitu na nusu upo mahali kilipolala. Tabaka la udongo, vitu vilivyokuwa ubavuni mwake, na kina chake ndivyo vinavyompa mtafiti umri na maana. Wachimbuzi huyaita hayo muktadha. Bakuli la kaure la China ndani ya kabati la tajiri ni bakuli zuri, basi. Bakuli hilohilo likiwa bado limejengewa kwenye mnara wa kaburi, kama yalivyowekwa kwenye makaburi ya Kunduchi hapa hapa Dar, linakueleza biashara, heshima kwa maiti, na cheo cha ukoo. Ndiyo maana huumia kila nikiona kaburi lililobanduliwa bakuli likabaki tundu.

Mfano bora ninaoujua ni wa sarafu. Sarafu za watawala wa Kilwa zina jina la mtawala na maneno ya kumsifu Mungu yenye vina, lakini hazina mwaka. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa ripoti yake kubwa ya mabuku mawili mwaka 1974, alizipanga kwa kufuata matabaka, akamweka mtawala aitwaye Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Watu walilinukuu hilo kama jambo lililokwisha. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, miongoni mwao zenye jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwemo sarafu za dhahabu za Wafatimiya, watawala wa Misri wa wakati huo, ambazo zina mwaka, na ya mwisho kabisa ni ya 1066. Zile zisizo na mwaka zikapata umri kwa majirani zao. Tangu hapo watafiti wengi wanamweka mtawala huyo katika karne ya 11, zaidi ya miaka mia moja nyuma ya pale alipowekwa mwanzo.

Chittick hakuwa mzembe. Ripoti yake bado ni msingi wa kila anayeandika kuhusu Kilwa, na alieleza kila kitu alikipata wapi, jambo lililowawezesha wengine kumsahihisha. Lakini anayemnukuu leo bila kutazama yaliyopatikana baada yake anabeba kosa ambalo limekwisha kurekebishwa.

Linganisha na sarafu za Australia. Mwaka 1944 mwanajeshi wa rada aliokota sarafu chache mchangani katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na tano kati yake zikatambuliwa kuwa za Kilwa. Sarafu ni za kweli. Lakini zilikuwa juu ya mchanga, hakuna tabaka, hakuna kitu cha ubavuni cha kuzipa wakati wa kufika. Ndiyo sababu unaweza kusikia masimulizi mengi kuhusu mabaharia wa Kilwa kufika Australia, na hakuna hata moja ambalo sarafu zile zinaweza kulithibitisha au kulikanusha.

Wakati mwingine kitu kimoja kina wakati zaidi ya mmoja. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa mwandiko wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, ila jengo ulionalo lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18. Ukisema msikiti huu ni wa 1107, lazima useme ni upande gani wa ukuta.

Nasaba na tarikhi, yaani historia za miji na watawala wake, nazo zina uzito wake. Tarikhi ya Kilwa, inayoanza na mwanamfalme kutoka Shirazi, Uajemi, imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno ndani ya kitabu cha João de Barros kilichotoka 1552, na nakala ya Kiarabu ya mwaka 1877 iliyoko Maktaba ya Uingereza, London. Orodha zake za masultani hazilingani. Kwa swali la nani alianzisha mji na lini, ni shahidi wa mbali, na matabaka ya chini kabisa ya Kilwa yana vyungu vya wenyeji na nyumba za udongo. Kwa swali la namna wakuu wa Kilwa wa karne ya 16 walivyotaka asili yao ikumbukwe, hakuna shahidi aliye karibu kuliko yeye. Hata hivyo usiidharau Shirazi yake haraka: utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 uliona asili ya Kiafrika na ya Kiajemi zikichanganyika pwani kuanzia karibu mwaka 1000, ya Kiafrika ikipita zaidi kwa akina mama.

Aliye Dar ana pa kuanzia bila kupanda ndege. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yana vitu vya Kilwa unavyoweza kuvitazama kwa macho yako. Maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, ina mkusanyo wa Afrika Mashariki, na humo muombe mhudumu majarida mawili: Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936, na Azania, lililoanza 1966. La kwanza lisome ukijua waandishi wake wengi walikuwa maofisa wa kikoloni. Vipimo na michoro yao ya magofu ina thamani kubwa, maoni yao kuhusu nani angeweza kujenga kwa mawe hayana. Mtandaoni, ukurasa wa ensaiklopidia utumie kama mlango: shuka hadi marejeo yake, kisha nenda ukayasome hayo.

Nilimpa fundi wetu mashahidi watatu. Wa kwanza ni Ibn Battuta tena, lakini akiwa Mogadishu, katika safari ileile, alipopewa nguo za kuingilia msikitini: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni badala ya suruali, vazi la kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri chenye taraza, yaani nakshi ya pindoni. Wakati ni uleule, mji si ule. Wa pili ni Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika karne mbili hivi baadaye, lakini kuhusu Kilwa yenyewe: mavazi ya dhahabu, hariri na pamba, na wanawake wenye mikufu na bangili za dhahabu na fedha mikononi na miguuni. Mji ni uleule, wakati si ule. Wa tatu hana maneno. Ni vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, vya kutia kwenye kijiti cha kusokotea uzi, ambavyo vimechimbuliwa Kilwa. Nguo zimeoza kwa unyevu wa pwani, ila vigae vinasema kwamba watu wa mji ule walisokota pamba yao wenyewe.

Akakaa na ushahidi huo siku kadhaa. Aliporudi, nguo zilikuwa tayari, na kila moja alikuwa ameibandika kikaratasi kwa pini. Kwenye shuka na joho la sultani: "Mogadishu, 1331." Kwenye bangili za mkewe: "Barbosa, baadaye." Kwenye shati la pamba la fakiri: "Vigae." Na kwenye kilemba, ambacho alikitia taraza ya buluu: "Rangi nimechagua mimi."