Kortisoli na boya la tangi

Unavuka barabara pale Globe, Nairobi, saa kumi na mbili jioni, mkono mmoja una mfuko wa sukuma wiki na mwingine umeifunika simu. Bodaboda inachomoka upande ambao hukuutazamia, inakupita na kukuachia upepo kwenye kiwiko. Umesharuka nyuma kabla hujajua kilichotokea. Moyo unadunda, mdomo umekauka, viganja vimelowa. Matusi yanakuja baadaye.

Moyo kudunda hivyo ni kazi ya neva zikisaidiana na adrenalini. Ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva hadi kwenye tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizoketi juu ya figo kama kofia, na ndani ya sekunde chache adrenalini imeshamwagika kwenye damu. Inakuja mbio na kwisha mbio.

Kortisoli, homoni ya msongo inayotoka kwenye tezi hizo hizo, ni ya mwendo mwingine. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya kuiamsha pituitari, tezi yenye ukubwa wa punje ya minji iliyoning'inia chini ya ubongo. Pituitari nayo hutoa homoni yake, inayosafiri kwa damu hadi kwenye ganda la nje la tezi za adrenali, na hapo ndipo kortisoli inapoanza kutengenezwa. Nasema kutengenezwa kwa sababu tezi haiweki akiba yake. Huiunda papo hapo kutokana na kolesteroli, ile ile inayosemwa vibaya kila kliniki. Kwa hiyo inafika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya kishindo. Wakati huo umeshapanda gari la Githurai, nauli umelipa, bodaboda umeanza kuisahau. Mwili ndio kwanza umefika katikati ya habari.

Neno letu la jambo hili ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Msongo unatokana na kusonga, kazi ile ile ya mwiko kwenye sufuria ya ugali: kubana na kugeuza bila kuachia. Na swali kubwa kuhusu kortisoli ni hilo hilo la kuachia. Kupanda ni haki yake. Je, inashuka?

Anayeishi ghorofa za Nairobi analijua tangi la maji juu ya paa. Siku ya zamu maji yakija, yanapanda na boya linapanda nayo, hadi linafunga valvu. Hakuna anayesimama kule juu kuchungulia. Maji yenyewe ndiyo yanayoyafunga maji. Kortisoli ni vivyo hivyo. Ikishatosha kwenye damu, inairudia haipothalamasi na pituitari na kuzinyamazisha, nazo zikinyamaza tezi za adrenali hupunguza kazi.

Boya hilo hupimwa. Unapewa kidonge cha deksamethasoni, miligramu 1, ukimeze mnamo saa tano usiku. Dawa hii ni ndugu wa kortisoli aliyezaliwa kiwandani, mwenye nguvu zaidi, na ubongo hudhani ni kortisoli yenyewe. Kesho yake saa mbili asubuhi unatolewa damu. Kwa mtu mzima wa afya, kortisoli yake mwenyewe itakuwa imeshuka sana, maana boya lilidanganywa kwamba tangi limejaa. Isiposhuka, daktari huanza kutafuta chanzo, pengine uvimbe kwenye pituitari, maradhi aliyoyaeleza daktari wa Marekani Harvey Cushing mwaka 1932. Mgonjwa hunenepa tumbo na uso huku mikono na miguu ikikonda, ngozi ya tumbo hupata michirizi ya zambarau, sukari na presha hupanda. Ni ugonjwa wa nadra. Uso uliovimba kidogo asubuhi baada ya nyama choma na usingizi mfupi si huo, hata kama video za mtandaoni zimeshakuuzia chai ya kusafisha kortisoli.

Hizo chai zinaniudhi kwa sababu moja: zinaichukulia kortisoli kama uchafu. Mwaka 1855, huko London, Thomas Addison alieleza wagonjwa ambao tezi zao za adrenali zilikuwa zimeharibika. Walidhoofika, ngozi ikawa nyeusi zaidi, wakafa. Wengi wao tezi hizo zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu, na kifua kikuu bado kimo miongoni mwa visababishi. Mtu asiye na kortisoli kabisa hawezi kustahimili hata homa ya kawaida. Presha inaanguka, sukari inaanguka, naye pia.

Hata bila bodaboda, tangi hili lina ratiba. Kortisoli huanza kupanda alfajiri ukiwa bado umelala, huongezeka tena katika nusu saa ya kwanza baada ya kuamka, kisha hushuka mchana kutwa hadi kuwa chini kabisa karibu na saa sita usiku. Ndiyo maana majibu ya maabara hayana maana bila kuandikwa damu ilitolewa saa ngapi. Na ndiyo maana soja wa lango letu, anayekesha siku sita na ya saba anashinda macho mchana na wanawe, ana mwili usiojua ushike saa ipi.

Kazi yenyewe ya kortisoli ni kutafuta nguvu za haraka. Inaliamuru ini litengeneze sukari, hata kwa kuvunja misuli, na inaidhoofisha insulini ili sukari hiyo isiwekwe ghalani. Inapunguza uvimbe na makali ya kinga. Inaahirisha mambo ya uzazi; kuna wanawake ambao hedhi huwapotea kabisa wakati wa dhiki. Kwa saa moja, huo ni mpango wa busara. Kwa miaka, boya likiwa zito, maji yanafurika na rangi ya ukuta inaanza kubanduka.

Ushahidi mmojawapo ulitoka hapa hapa Kenya. Kuanzia mwaka 1978, Mmarekani Robert Sapolsky alifuatilia nyani wa upande wa Mara, akiwachoma kwa mshale wa usingizi ili awatoe damu. Kundi likiwa limetulia, madume wa ngazi ya chini, wanaoonewa kila siku, walikuwa na kortisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika, na walipopewa deksamethasoni, haikuizima vizuri. Boya lao lilikuwa limelegea. Lakini enzi za kupigania uongozi, wakubwa nao walipoteza nafuu yao. Cheo peke yake hakikutosha. Ulihitajika utulivu pia.

Boya linaweza pia kukwama upande wa pili, na hili hutokea kwenye kabati za dawa majumbani. Mtu mwenye pumu kali au yabisi ya viungo hupewa prednisoloni, naye ni ndugu mwingine wa kortisoli. Akiimeza kwa wiki nyingi, ubongo unaona tangi limejaa kila siku, tezi za adrenali hazipati amri, zinasinyaa. Krimu kali za steroidi, dawa za ukoo huo huo wa kortisoli, zinazopakwa mwilini kote ili kung'arisha ngozi zinaweza kufanya hivyo hivyo kupitia kwenye ngozi. Akiacha dawa ghafla kwa kuwa amejisikia nafuu, maji ya nje yamekatika na pampu ya ndani imelala: udhaifu, kutapika, presha kushuka, pengine kuzirai. Kuiamsha kunaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo daktari huandika vidonge vinne kwa siku wiki hii, vitatu ijayo, kisha viwili, kisha kimoja, na mgonjwa anadhani anapotezewa muda.