Kwa nini tope la maji taka huzama, kisha likaibuka tena?

Nyuma ya hoteli yenye mtambo wake wa maji taka, tuseme pale Shangani, Mtwara, tangi la mwisho linaweza kuwa na maji maangavu asubuhi, na adhuhuri tope la kahawia likawa limetanda juu. Fundi hukimbilia kuongeza hewa. Huenda ndiyo anaharibu zaidi.

Katika mitambo hii, bakteria wanaopulizwa hewa hula uchafu, hushikamana kuwa vibonge, kisha huzama kwenye tangi la kutulizia. Watafiti Ardern na Lockett waliitangaza mbinu hii Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na mpaka leo tope lisipozama hakuna maji safi.

Kujua tatizo ni lipi, chota lita moja kutoka tangi la hewa, mimina kwenye chombo kirefu cha kioo, kiache dakika 30. Kisha usiondoke! Wengi huandika kimo cha tope wakaenda zao. Tope likizama vizuri, halafu baada ya saa moja au mbili likapanda kwa mabonge, likoroge taratibu: viputo vitatoka nalo litazama tena. Hiyo ni naitrojeni. Amonia ya mkojo hugeuzwa naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni, kwenye tangi la hewa. Bakteria waliokosa oksijeni chini ya tope huinyang'anya naitreti oksijeni yake, gesi ikabaki. Joto huharakisha kazi hiyo, na pwani ya kusini joto halikosekani. Ukizidisha hewa, unazidisha naitreti. Harakisha pampu ya kurudisha tope kwenye tangi la hewa, lisilale chini muda mrefu.

Lakini kama dakika 30 zimepita na tope bado limejaa robo tatu ya chombo, jambo ni jingine. Mara nyingi bakteria warefu wenye umbo la uzi wamezidi, vibonge havikaribiani, tope limevimba kama sufi. Hawa hustawi oksijeni ikipungua, au mafuta ya jikoni yakipita. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba oksijeni takriban miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzijoto 30, kama 7.5 tu. Hapa hewa inahitajika kweli, na mtego wa mafuta usafishwe. Klorini kidogo kwenye tope linalorudi hupunguza nyuzi, ila chanzo kikibaki zitarudi.

Bado kuna mtego: pengine tope ni jingi tu. Chota tena kutoka tangi la hewa, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokwisha kusafishwa, upime upya. Likishuka haraka, halijavimba, limerundikana, liondolewe.