Mashua Iliyogeuka Nyumba, na Namna ya Kuirudisha Baharini

Mashua ya tanga inayokaliwa na watu gatini kwa miaka mingi hugeuka nyumba yenye mlingoti. Mimi ni fundi wa mashua katika hori ya Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, na kila kaskazi, ule upepo wa msimu utokao kaskazini, inapokaribia hunijia wenye mashua wanaotaka kung'oa nanga kuelekea Tanga, Pemba au Unguja. Wengi wao huwa wameshanunua vyombo vipya vya kuonyesha njia, ilhali vyungu vya maua bado vimepangwa omoni, yaani mbele ya mashua, na mnyororo wa nanga haujaguswa kwa misimu kadhaa.

Mimi huanza na tangi la dizeli. Injini ya mashua inayokaa gatini huwashwa kwa dakika chache tu kwa wiki na tangi hubaki nusu, hivyo unyevu wa hewa ya pwani huganda kwenye kuta zake, hugeuka maji na kuzama chini ya mafuta, na pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu vinavyoacha utelezi mweusi. Gatini utelezi huo hulala kimya. Mawimbi ya kwanza huutibua, chujio likaziba na injini ikazima. Jambo hili lilinifika mwenyewe, nikiwa nimemsindikiza mteja, katikati ya mlango wa mwamba, yaani upenyo wa kupita kwenye miamba, upepo umekufa na maji yanakupwa. Chujio nililiacha kwa kuwa lilikuwa la miezi mitatu tu, na hapo ndipo nilipokosea, kwa maana chujio jipya halisafishi tangi chafu. Kilichotuokoa ni kwamba asubuhi ile tulikuwa tumeondoa vyungu vya maua, na nanga ikateremka bila kizuizi. Tangu siku hiyo hufungua mfuniko wa tangi, huvuta mafuta kwa pampu ya mkono mpaka yatoke safi, husugua kuta, kisha hufunga machujio mawili, la kwanza likiwa na kikombe cha kioo ili maji yaonekane.

Nanga yenyewe inahitaji hesabu ambayo mwenye kukaa gatini amekwisha kuisahau. Tuseme unatia nanga maji yakiwa yamekupwa, kina ni meta 4. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Pemba na Unguja yanaweza kupanda karibu meta 4 nyingine, na omo iko meta 1 juu ya maji, hivyo kina cha kuhesabia ni meta 9, nami hulegeza mnyororo mara 5 ya hapo, yaani meta 45. Aliyelegeza meta 20 kwa sababu aliona meta 4 ataamka usiku wa manane mashua ikiburuta nanga.

Umeme nao hudanganya, kwa kuwa waya wa gatini huficha kila udhaifu. Betri za risasi zenye jumla ya ampea-saa 200 (ampea-saa ni kipimo cha umeme uliohifadhiwa) hazifai kutumika zaidi ya nusu, na jokofu dogo la volti 12 katika joto letu linaweza kula ampea-saa 50 kwa siku peke yake. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua kali hutoa kama ampea-saa 80 kwa makadirio ya karatasini, lakini kivuli cha mlingoti na joto hupunguza kiasi hicho, kwa hiyo ni bora kupima kuliko kukisia.

Koki zote za chini ya maji, yaani vali za matundu ya mwili wa mashua, zifunguliwe na kufungwa kwa mkono. Ile iliyokwama ibadilishwe mashua ikiwa imepandishwa nchi kavu, na shaba ya njano iliyoingia rangi ya waridi imepoteza zinki yake na huvunjika kwa pigo dogo. Wakati huohuo rafadha, yaani pangaboi la kusukuma mashua, isuguliwe na vipande vya zinki, vinavyoliwa na kutu badala ya chuma cha mashua, vibadilishwe. Kamba za chuma zinazoshika mlingoti zipitishwe kitambaa: uzi mmoja uliokatika na kunasa kitambaa unatosha kuikataa kamba nzima.

Nikimaliza humwomba mwenye mashua akate umeme wa gati, asogee katikati ya hori na kulala huko usiku tatu, bila kurudi kuchota maji wala kununua barafu. Kila kinachomkera katika usiku huo hukiandika, nasi hukitengeneza kabla ya jambo jingine lolote.

Hapo ndipo tunapozungumza safari. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kusi, upepo wa msimu utokao kusini, huuongezea kasi na kaskazi huupunguza. Ndiyo maana anayekwenda kusini husubiri kaskazi ishike sawasawa. Uhamiaji na forodha hukamilishwa Kenya kabla ya kuondoka, bendera ya manjano, ya kuomba ruhusa ya kuingia, hupandishwa wakati wa kuingia maji ya Tanzania, na redio husikiliza chaneli ya 16, ile ya dharura, muda wote. Kutoka Mtwapa hadi Tanga ni takriban maili 75 za bahari, yaani saa 15 kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa). Mimi hushauri kutoka saa 11 jioni, kukiwa bado na mwanga wa kupita mlango wa mwamba, ili Tanga ifikiwe saa 2 asubuhi, na mashua ikiwahi kufika, isubiri nje mpaka jua lipande na miamba ionekane.