Roze si mwekundu uliomwagiwa mweupe

Wengi hudhani mvinyo wa roze, ule wa rangi ya waridi, ni mwekundu uliochanganywa na mweupe. Kwa mvinyo usio na povu, njia hiyo imekatazwa Ufaransa. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya ilitaka kuiruhusu, wakulima wa Provence, kusini mwa Ufaransa, wakaja juu, ikarudi nyuma. Champagne, mvinyo wa povu, ndiyo yenye ruhusa.

Binya zabibu nyeusi ya Grenache au Cinsault kwa vidole: maji yake hayana rangi. Wekundu uko kwenye ganda. Kwa hiyo kazi yote ni kupima muda ambao maji na maganda hukaa pamoja. Provence, zabibu huchumwa usiku zikiwa baridi, hukamuliwa mara moja au baada ya saa chache tu, na maji huchachuka bila maganda, kwenye tangi la nyuzi 15 hadi 18 hivi. Tavel, kijiji cha kusini mwa Ufaransa ambacho jina lake kwenye mvinyo ni la roze pekee tangu 1936, huyaacha pamoja kwa muda zaidi, ndiyo maana roze yake imekolea rangi.

Ukipitiliza, ukakasi wa maganda huingia. Zabibu zikipata joto kabla ya kukamuliwa, rangi hugeuka ya kitunguu na harufu ya matunda hupotea.