Je, wajua kwa nini wanamantiki, wanaisimu na waandika programu huketi ukumbi mmoja?

Mwaka 1986 watu walikusanyika Monterey, California, kujadili jambo moja: kujua ni nini, na unalifanyiaje hesabu. Waliokuwa wakilifuatilia suala hilo walitoka kwenye kompyuta, falsafa, uchumi na isimu. Miaka mitatu baadaye, 1989, shule ya kiangazi ya mantiki, lugha na habari, ile inayojulikana kama ESSLLI, ilianzia Groningen, Uholanzi. Mpaka leo huchukua wiki mbili, na huhama mji hadi mji barani Ulaya. Brazil wakaanzisha mkutano wao Recife mwaka 1994, na Georgia wakaanza wa kwao 1995. Ratiba zinafanana: chumba hiki mtu anathibitisha nadharia, chumba cha pili mwenzake anachambua maana ya neno moja dogo, cha tatu wanazungumzia mawakala, yaani programu zinazojiamulia mambo na kushirikiana bila kuongozwa kila hatua.

Nilipoziona ratiba hizo mara ya kwanza nilijipa jibu la haraka: wanaisimu wamekuja kuifundisha mashine kuzungumza, na wanamantiki wamekuja kuhakikisha haikosei. Kuna ukweli kidogo humo. Lakini chini yake palikuwa na kosa kubwa zaidi. Niliamini kwamba kumwambia mtu jambo analolijua tayari ni kazi bure, na kwamba programu mbili zikishajua jambo lilelile, basi zimeelewana. Imani hiyo ikiondoka, ukumbi mzima unaeleweka, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Wachukue watoto watatu waliotoka kucheza: Asha, Bakari na Chausiku. Asha na Bakari wana tope kwenye paji la uso, Chausiku ni msafi. Kila mmoja anaona nyuso za wenzake, wake haoni, na hawaruhusiwi kusemezana. Baba yao anawaambia: “Angalau mmoja wenu ana tope.” Kisha anauliza: “Nani anajua kama yeye mwenyewe ana tope?” Kimya. Anarudia swali lilelile. Safari hii Asha na Bakari wanajibu kwa pamoja: “Mimi ninalo.”

Baba hakuwaambia kitu kipya. Asha alikuwa akiliona tope la Bakari, Bakari akiliona la Asha, na Chausiku aliyaona yote mawili. Kila mmoja alijua fika kwamba mwenye tope yupo. Hata hivyo, bila tangazo lile baba angeuliza mara mia na kupata kimya mara mia.

Ingia kichwani mwa Asha kabla baba hajafungua kinywa. Anajiuliza: je, kama mimi ni msafi? Basi Bakari anatazama nyuso mbili safi, wangu na wa Chausiku, na hana njia ya kujua kwamba tope lipo. Kwa hiyo Asha anajua tope lipo, ila hajui kama Bakari anajua. Bakari akinyamaza, kimya chake hakimwambii Asha lolote. Baada ya tangazo mambo yanageuka. Kama Asha angekuwa msafi, Bakari angeona nyuso mbili safi, angeunganisha na neno la baba, na angejibu papo hapo. Bakari amenyamaza. Basi Asha si msafi. Bakari naye amepiga hesabu hiyohiyo juu ya Asha, ndiyo maana wakajibu pamoja. Kimya kimegeuka kuwa ujumbe.

Tena si maneno yenyewe yaliyofanya kazi hiyo. Baba angempitia kila mtoto na kumnong'oneza maneno yaleyale, kila mmoja asijue wenzake wameambiwa nini, hakuna ambaye angejibu kamwe. Tangazo la hadharani huzaa kitu ambacho mnong'ono hauzai: najua, unajua, najua kwamba unajua, unajua kwamba najua kwamba unajua, na kuendelea bila ukomo. Mwanafalsafa David Lewis alilichambua hilo mwaka 1969, mwanauchumi Robert Aumann akaliwekea hesabu 1976, na 1989 mwanamantiki Jan Plaza akaliundia mantiki yake.

Wa kompyuta waliingia kwa mlango wao. Mwaka 1984 Joseph Halpern na Yoram Moses walionyesha kwamba mashine mbili zinazotumiana ujumbe kwenye mtandao unaoweza kupoteza ujumbe haziwezi kuufikia ujuzi huo wa pamoja. “Nimepata” inahitaji “nimepata kwamba umepata”, nayo inahitaji nyingine, na ya mwisho haipo.

Tahadhari moja: kisa cha tope kinadai watoto wasiochoka kufikiri. Binadamu wengi hupotea wakifika ngazi ya tatu au ya nne, kwa hiyo hii si picha kamili ya vichwa vyetu.

Na wanaisimu? Sikiliza tofauti ya “kitabu hiki” na “kitabu hicho”. Hiki naweza kukunyooshea kidole hata kama hujawahi kukiona. Hicho, mara nyingi, ni kile tulichokwisha kukitaja, na nikilitumia neno hilo naegemea kwamba unakijua na unajua nami nakijua. Bila hilo utaniuliza, “Kitabu kipi?” Silabi moja ya mwisho imebeba hesabu nzima ya Asha na Bakari.

Mawakala nao wana mashindano yao, yaliyoanza 2005 sambamba na warsha ya mantiki ya kompyuta. Kwa miaka kadhaa kazi ilikuwa kuswaga ng'ombe wa kwenye kompyuta hadi zizini. Baadaye ziliongezwa nyua ambazo lango lake hufunguka tu wakala mmoja akisimama kwenye swichi, hivyo wa kuswaga lazima awe mwingine. Aliyesimama hawezi kuondoka mpaka ajue mwenzake amepita. Mwenzake akiwa mbali, hutegemea ujumbe. Akiwa karibu, analiona lango likiwa wazi, na aliye kwenye swichi anamwona akiliona.