Serengeti na Mara si hifadhi moja

Kwa kuwa nyumbu huvuka mpaka bila pasipoti, wengi hudhani Serengeti na Maasai Mara ni hifadhi moja yenye bosi mmoja. Sivyo. Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la serikali kuu ya Tanzania; Mara ni mali ya Kaunti ya Narok, Kenya. Sheria mbili, ada mbili. Mtalii aliyefika lango la Sand River, upande wa Mara, akiiona Tanzania ng'ambo hawezi kupita: tangu 1977 njia hiyo imefungwa kwa watalii, hivyo gari huzungukia vituo vya mpakani vya Isebania (Kenya) na Sirari (Tanzania).

Kosa kubwa zaidi ni kudhani mipango ya uhifadhi huishia getini. Mto Mara, ambao nyumbu huutegemea kiangazi, huanzia msitu wa Mau, Kenya, mbali na hifadhi zote mbili. Miti ikikatwa huko, Serengeti huumia. Kaskazini mwa hifadhi ya Mara, wanyama hulisha kwenye mashamba ya Wamaasai, ambao hulipwa kodi ya kukodisha ardhi yao ili wasiizungushie uzio. Mpango usiomjumuisha mwenye shamba huyo ni karatasi tu, hata ukisainiwa na mawaziri wawili.